Hatua Kumi na Mbili

Kutoka mlango wa darasa langu
hadi mlango wa darasa la kwanza
ni hatua kumi na mbili za mtu mzima,
ishirini na kitu za mtoto aliyevaa viatu vya dadake.

Nilizipima mwenyewe Jumamosi moja,
Kayole imejikunyata kwa manyunyu,
Katiba kwapani, nakala niliyoinunua
kwa mchuuzi wa magazeti, jalada limenywa chai.

Jedwali la Nne, sehemu ya pili:
hapo ndipo ninapoishi.
Baada ya machinjio, baada ya makaburi,
taa za barabarani na leseni za mbwa,
ndipo wanapotajwa watoto wangu wa chekechea.
Mwalimu Bosibori, wa ng'ambo ya ua,
yumo sehemu ya kwanza,
pamoja na jeshi na sarafu.
Humwamkia, "Balozi! Mambo ya nje yaendaje?"
Hunijibu, "Salama. Mbwa wako wana leseni?"

Mwezi wa tano bomba likapasuka
pale pale, hatua ya sita.
Niliandikia kaunti. Yeye akaandikia wizara.
Yangu ikajibiwa: ulizeni upande wa pili.
Yake ikajibiwa: ulizeni upande wa pili.
Tukazilaza barua mezani,
zikatazamana kama mawifi msibani.

Wahenga walituonya juu ya fahali wawili wanaopigana.
Hawa wetu hawakupigana.
Walipishana mlangoni kwa adabu,
tangulia wewe, hapana, tangulia wewe,
na nyasi zikaoza majini.

Aliyelifunga bomba ni Ondiso wa bustani,
kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.
Yeye hayumo sehemu ya kwanza wala ya pili;
wazazi humchangia ishirini ishirini.

Sisemi walikosea walioligawa.
Nakumbuka nilivyokuwa nikilipwa
kwa gorogoro la mahindi na ahadi,
na aliyeweza kunisikia aliketi juu sana,
ghorofa ambayo lifti yake haikufika.
Leo mshahara upo,
ingawa wa Machi huja Mei,
na ofisi ya kugombana nayo naijua,
najua hata jina la anayenifungia dirisha.

Januari ikaja. Nekoye,
aliyekuwa akiliita herufi "b" tumbo la mbele,
akabeba begi lake kuvuka.
Hatua ya kwanza, ya tatu, ya tano.
Alipofika penye ule ukanda wa mpira
akageuka, akaniona,
midomo ikaanza kutetemeka.

Bosibori alikuwa kizingitini, rejista mkononi.
Mimi kwangu, chaki mkononi.
Mtoto katikati, hana wa kumwandikia barua.

Kifungu cha Sita kinasema
serikali hizi ni tofauti, na hutegemeana,
na zitashauriana.
Nilikisoma mara ngapi, sijui.
Nilichojua asubuhi ile ni kwamba
nimekwisha kutoka hatua sita
na Bosibori amekwisha kutoka sita,
na Nekoye ameishika sketi yangu kwa mkono huu
na yake kwa mkono ule,
akipangusa pua kote kote, bila upendeleo.

Kamasi hazimo kwenye Jedwali.
Nilitafuta.
Kitambaa kilikuwa cha Bosibori. Maji, ya bomba la Ondiso.