Ngazi

Tulishuka basini saa nne, Temuco tumeiacha nyuma,
wanafunzi ishirini na watatu, sufuria mbili,
tukapanda kwa miguu juu ya mawe meusi
yaliyotapikwa na volkano kabla babu zetu hawajazaliwa.
Mvua ilikuwa bado haijaamua.

Evaristo, mkufunzi wetu, alibeba ubao mweupe mgongoni
kama kobe aliyekosea nyumba.
Akautundika kwenye araukaria,
mti usiokubali kukumbatiwa,
majani yake magamba, kila gamba msumari.
Akachora ngazi yenye vidato vitano:
cha kwanza kusikiliza, cha pili kuaminiana,
cha tatu sikukisikia,
Nahuel alikuwa akipasua mbegu za araukaria kwa meno.

"Kila mmoja aseme yuko kidato cha ngapi."
Baltazar akasema cha nne, bila kupepesa.
Mimi nikasema cha pili,
nimejipunja makusudi, wengine waniongezee.
Siwafichi, nilikuja kuchaguliwa.
Hotuba nilikuwa nimeikunja ndani ya soksi ya akiba.

Alasiri tukafungwa vitambaa machoni,
tukaambiwa tushike kamba, tumwamini aliye mbele.
Millaray akacheka mpaka akakaa chini.
"Bibi yangu alipita hapa usiku," akasema,
"na mbuzi thelathini,
bila kamba na bila cheti."

Usiku mvua ikaamua.

Tone.
Nikasogea. Tone likanifuata.
Juu ya paji la uso, palepale,
kama kidole cha mtu anayekuamsha kwa adabu
na hana nia ya kuondoka.

Ndipo nikamkumbuka Ercilia wa Carahue,
baridi ya mwaka jana, mabati kumi na manne.
Mimi ndiye niliyekuwa juu ya ngazi.
Chini dereva anapiga honi, mpiga picha anatuita,
na msumari wangu wa mwisho ukapita pembeni ya mbao.
Niliutoa. Tundu likabaki, dogo, punje ya dengu,
nuru ikipenya humo kama jicho linalonitazama.
Nikasema: nitarudi.
Ercilia akatugawia mkate wa moto,
akatushukuru mmoja mmoja,
mimi akaniita kwa jina la mwanawe.

Picha ingali ukutani ofisini kwetu.
Tunacheka, bati linang'aa.
Tundu halionekani, nimelitafuta.

Asubuhi, kabla ya kura, Evaristo alifuta ubao
na ngazi haikufutika.
Kalamu ilikuwa ya wino wa kudumu.
Akasugua kwa mate, kwa mkono wa sweta, mwisho akaiacha,
hivyo Baltazar akahutubia mbele ya ngazi,
akahutubia vizuri, haki yake nimpe.

Zamu yangu ikafika. Soksi ilikuwa imelowa,
maneno yangu yamegeuka rojo la buluu.
Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakusema kwamba wapo wanaoshuka
kabla kazi haijaisha, na wakapigiwa makofi.

Nikasema, "Nahitaji ngazi."
Evaristo akauangalia ubao.
"Ya mbao," nikasema, "ya mita nne,
na misumari, na mtu wa kuishika chini."

Kuna waliocheka. Kuna aliyekohoa.
Baltazar alipata kura kumi na saba,
akanipa mkono, mkono mkavu, sijui aliukaushia wapi.

Ukungu ukashuka tukifungasha mahema.
Carahue ni mbali, na majira ya baridi mawili
ni mengi kwa paa lenye tundu,
ni mengi zaidi kwa mama mzee.
Huenda nikabisha hodi akafungua mwingine.

Millaray alikuwa kijitoni, anasugua sufuria kwa mchanga.
Hakuinua kichwa.
"Jumamosi," akasema, "sina darasa."