Kantangaze

Nani alikutangaza, wewe?
Si mwinjilisti, Jumapili baada ya sadaka,
anaposoma ndoa zijazo na mbuzi aliyepotea.
Si bwana shamba,
ambaye pikipiki yake haina mafuta tangu Krismasi.
Ulijitangaza mwenyewe, Januari ikiishia,
kwa mchoro mweupe ndani ya jani la nyanya,
kama mtoto wa chekechea aliyeokota chaki.

Hapa Nkoaranga hatujaona tone tangu vuli ituage.
Saa saba mchana nyanya zinalegeza mabega,
migomba inajikunja,
vumbi la njia ya Tengeru linatandaza kitanda juu ya maharage
na utitiri mwekundu unapanda kulala.
Mmea wenye kiu ni nyumba isiyo na komeo.
Hilo ulilijua kabla yangu.

Nanyaro alikuja hadi kwenye ua, bomba mgongoni,
akashusha sauti kama anayekopa:
"Mama Ndeanasia, mara moja tu. Jioni.
Mkaguzi wa kikundi atajuaje?"

Hatajua, kweli.
Atajua Anaeli, aliyekaa pale kibarazani,
pua yake inaitambua sumu ikiwa bado dukani.
Miaka ishirini na miwili alipulizia kahawa ya watu,
bila glovu, bila kitambaa,
akifuta jasho usoni kwa mkono uleule.
Leo kikombe anakishika kwa mikono miwili
na bado sahani hunywa nusu ya chai.

Nikamwambia Nanyaro asante.
Nikatwanga mbegu za mwarobaini,
nikakatakata kipande cha sabuni,
nikaongeza pilipili kichaa kwa hasira zangu binafsi,
nikavilaza kwenye ndoo ya rangi usiku kucha.
Macho yaliniwasha siku mbili.
Wewe, nadhani, ulipiga chafya
ukaendelea kula.

Basi tukaanza kufahamiana.
Nikajua huruki mchana.
Nikajua yai lako liko chini ya jani, dogo kuliko punje ya chumvi,
na kidole gumba kinaliweza.
Nikajua unapenda taa.
Nikaweka beseni la kuogea watoto katikati ya shamba,
maji, povu, tochi imening'inia kwenye mti wa kuegemezea,
na asubuhi nikakuhesabu kwa sauti.

"Wangapi?" akauliza Anaeli kutoka ndani.
"Arobaini na mmoja."
"Jana?"
"Sitini na tatu."
Akakohoa kile kikohozi chake cha kuridhika.

Lakini sitakudanganya, wala sitajidanganya:
mistari minne ya chini nimekuachia.
Niliing'oa mwenyewe, na matunda yake mabichi,
nikaishindilia kwenye mifuko ya saruji, nikafunga kamba,
nikaianika juani uive humo humo, wewe na wanao.
Ada ya muhula wa pili ilikuwa kwenye mistari ile.
Iliyobaki kumi na mmoja nimeivisha majani makavu ya mgomba
mpaka shingoni,
udongo usiujue mchana.

Alhamisi, saa tisa usiku, zamu yetu ya maji.
Nilimkataza. Akavaa kofia ya sufi, akaja.
Nikafungua mfereji kwa jembe,
maji yakaingia polepole, yakinusa kila shina,
yakiokota majani, mchanga, nzi waliolala.
Ardhi ilitoa ile harufu
ya chungu kipya kilichotiwa maji mara ya kwanza.
"Nimulikie huku," nikasema.
Akamulika.
Tochi ikatetemeka mkononi mwake,
mwanga ukatawanyika shamba zima, haukutulia popote,
nanyi mkainuka kutoka chini ya majani, wengi kuliko nilivyodhani,
msijue taa ni ipi
na beseni liko wapi.