Kitako cha Bakuli

Pindua bakuli. Kitakoni utasoma:
ONDUKO, TABAKA. Herufi zimesimama wima
kama wanaume kwenye picha ya harusi.

Ni kweli, baba alilichonga.
Alipasua jiwe kwa panga, akalitia tumbo kwa kisu,
akaliacha mlangoni limeparuzika kama goti la mtoto,
akaenda zake sokoni kuulizia bei.

Bitutu akaketi. Karai la maji katikati ya magoti,
msasa mnene, kisha wa kati,
kisha ule uliochakaa ukawa kama kitambaa.
Maji yakageuka uji wa mgonjwa.
Alisugua maharagwe yakichemka,
alisugua huku ananikaripia kwa hesabu nilizokosa,
alisugua siku tuliyomzika dada yake, jioni,
wageni walipokwisha kuondoka.

Msimu mmoja, mvua imegoma kukatika,
aliokota spoku ya baiskeli mbovu
akaikwaruza rangi nyekundu mpaka weupe ukachomoza:
ndege wawili, kila mmoja kamuuma mwenziwe mkia.
Nikamuuliza kautoa wapi mchoro huo.
“Mkono ulikuwa unaniwasha tu.”

Mnunuzi wa Kisumu akaagiza mia mbili.
Kwenye risiti akaandika: mtindo wa Onduko.
Mama akayafunga mabakuli kwa majani makavu ya mgomba,
akahesabu mara mbili, yasije yakapungua.

Mwaka ule wa vitambulisho vipya
mashine ya pale Kisii ilivikataa vidole vyake.
Weka tena, mama. Futa jasho. Weka tena.
Kijana wa kompyuta akamkazia macho
kana kwamba kazificha makusudi:
Mama, wewe huna alama.
Vidole kumi, laini kama yai.
Akacheka, akairudisha mikono ndani ya leso.
“Ninazo,” alisema. “Ziliuzwa.”

Basi wewe uliyeliweka mezani,
ukalitia ndimu, au funguo za gari,
kitako kiache kwanza.
Fumba macho, pitisha kidole gumba ukingoni,
taratibu, hadi pale panapoteleza
ukadhani umegusa maji.

Mimi ninalo la mwisho alilosugua.
Halina rangi, halina ndege.
Leo ni siku ya tatu nimelipakata, msumari mkononi,
nataka kuandika B tu, ndogo, pembeni.
Nashindwa kulikwaruza.