Nilivua Saa

Nilivua saa kabla sijakaa.
Miaka thelathini nafungua redio za watu wa Isevya,
najua kitu kidogo kinachogonga meza
kinavyoweza kuua sentensi nzima.
Funguo nazo nikazitia ndani ya kofia.
Kalunde akacheka: "Fundi Mihambo, umekuja kuoga au kuongea?"
Nikajua kuwa hapa kicheko hakibishi hodi.

Podikasti yao ni chumba cha nyuma, duka la mashudu la mjomba,
magodoro mawili yamesimamishwa ukutani,
blanketi dirishani, feni imezimwa isivume.
Watu watano, jasho la sita.
Maiki tatu tu. Mimi na Luhende tukagawana moja
kama watoto wa mama mmoja na shuka fupi.

Nikiri. Mara ya kwanza, kwa vijana wengine kule Kiloleni,
nilifika na karatasi nne.
Nikasoma. Nikaeleza transista tangu kuzaliwa kwake.
Mtu akianza mzaha namngoja amalize
kama unavyongoja manyunyu yapite urudi kuanika.
Dakika arobaini. Wakaniambia "asante sana mzee wetu"
kwa ile sauti ya kumsindikiza mgeni
aliyeaga mara tatu na kiti bado kakikalia.
Kipindi hakikutoka. Walisema faili limeharibika.
Mimi ni fundi: najua kilichoharibika,
na najua heshima.

Safari hii nikala kama tulivyofunzwa kula sinia moja:
upande wako, tonge la kadiri ya mdomo wako,
nyama iko katikati, usiivute,
itasukumwa kwako ukionekana huna haraka.

Wakabishana michembe na matobolwa, kipi bora.
"Matobolwa ni michembe iliyooga maji moto," akasema Shigela,
na Luhende akaapa kwa jina la bibi yake kwamba huo ni uchochezi.
Mimi sikuwa na hoja. Nikasema sina hoja,
ila mama alikuwa akinifichia matobolwa ndani ya redio mbovu
kaka zangu wasiyaone,
na ndiyo maana nikajifunza kufungua redio.
Nikaishia hapo.
Kisa kilikuwa na mkia mrefu, tena mzuri.
Nikaumeza.

Treni ikapiga honi stesheni.
Shigela akainua mkono, sote tukangoja ipite,
na katika kungoja nikamwona Nyanzala,
visikilizio masikioni, macho kwenye mistari inayorukaruka.
Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili mwingine akawahi.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Mimi nilikuwa na saa moja tu, lakini jembe nililiona limeegemea.
"Wewe unayesikia hata pumzi zetu," nikamuuliza,
"nani humu ndani muongo?"

"Wote. Ila Luhende humeza mate kwanza."

Chumba kikapasuka. Hata mashudu nadhani yalicheka.
Kisha, bila kuulizwa, akasema habari za baba yake aliyeko machimboni,
jumbe za sauti anazotuma, zimejaa mashine na upepo,
na yeye huzisafisha ili mama asikie vizuri.
Siku moja alisafisha mno, akafuta na kikohozi.
Alikitafuta usiku kucha, akakirudisha.

Hakuna aliyewahi kusema pole.
Tulikaa tu, jasho likitutiririka.

Ijumaa kikatoka. Mke wangu akasikiliza akichambua dagaa.
"Mbona husikiki?"
Nikahesabu: dakika tisa ndani ya saa nzima.
Iliniuma kidogo, sitaficha,
hasa ule mkia wa kisa, ungewapendeza.
Jioni Kalunde akapiga simu: Jumamosi tena, njoo na kofia.

Na saa yangu niliisahau mezani kwao.
Nyanzala anasema ukitega sikio unaisikia,
chini kabisa, chini ya maneno yetu yote.
Anasema hajaifuta.