Kimo Kimoja

Alikuja kibandani Januari, soko la Eliava limejaa tope la theluji,
fundi lifti, grisi hadi kwenye viwiko, jina lake Zaali,
akaitua mbele yangu kurunzi isiyozidi kiganja,
kitako chake kina alama za meno.
"Ya Bwana Anzori," akasema. "Aliiuma miaka kumi na tisa.
Sasa naiuma mimi."
Sikuuliza Anzori yuko wapi.

"Nataka betri za kuchaji. Zenye nguvu kuliko zote."
Wote husema hivyo,
kama mtu anayeagiza pilipili asiyoijua.

Nikafungua kifuniko. Springi moja, kutu kidogo,
uzi wa skrubu umelika upande mmoja.
Nikapanga betri tatu juu ya kitambaa,
kimo kimoja, kiuno kimoja,
ungeapa zimenyonya titi moja.

Ya kwanza lithiamu, volti nne na kitu ikishiba.
Hii, nikamwambia, itakuwakia kama mchana wa Agosti
kwa muda wa kuvuta sigara,
kisha itaila taa, na taa hiyo haiuzwi tena
tangu kiwanda chake kigeuzwe ukumbi wa harusi.
Ya pili ni nduguye, ukali ule ule,
ila amevishwa kisahani cha kumlinda asijichome.
Jambo jema. Lakini kisahani nacho kinataka nafasi.
Jaribu kufunga.
Akafunga. Kifuniko kikagoma njiani, uzi nje,
kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake.
"Nikaze?"
Kaza, ikiwa utanilipa springi.

Ya tatu nikeli. Volti moja na nukta mbili,
ganda jeupe, haina hata chui mchorwa ubavuni.
Ukiisahau mfukoni mwezi mzima
utaikuta na karibu yote uliyoipa.
"Dhaifu hii," akasema.
Nikamuuliza: mota ya jengo la ghorofa thelathini
utaifunga kwenye lifti ya ghorofa tano?
Akafikiri. "Watu watafika upesi."
Watafika, nikasema, na paa watalipita.

Alinunua mbili. Nikaziandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito,
zizeeke pamoja, asije akamlaumu mmoja kwa uvivu wa mwenzake.
Aliomba apunguziwe lari tatu. Nilimpunguzia moja
na neno la ukali juu ya chaja za bei rahisi.

Machi nikaenda Gldani kwa dada yangu Tsiuri, ghorofa ya kumi na nne.
Nikatia sarafu ya tetri ishirini, lifti ikapanda, ikaguna,
ikasita kati ya saba na nane, taa ikafa.
Giza la lifti lina harufu yake:
kabichi, sigara, mbwa wa mtu.
Nikajipapasa. Leso, funguo, orodha ya bei za jumla.
Tochi sina.
Mimi, muuza betri.
Nikakaa juu ya mfuko wa viazi vya Tsiuri
nikajitukana kwa majina yote ya wateja wangu.

Nusu saa, labda zaidi. Kisha nyayo juu ya paa,
na kwenye ufa, mstari wa mwanga,
si mkali, manjano kidogo, kama chai ya majani yaliyorudiwa,
lakini umetulia.
Niliujua kabla ya sauti.
"Wangapi humo?" Maneno yalipita kwa shida
kati ya meno yaliyobana chuma.
Mmoja, nikajibu. Na hiyo ni ya kwanza au ile ya akiba?

Kimya.
Halafu kicheko, na kurunzi ikamponyoka,
ko, juu ya paa, ikabingirika,
mstari ukapita kwenye viatu vyangu, viazi, ukuta, viatu,
na ilipogota pembeni
bado ilikuwa inawaka.
"Ya kwanza," akasema, sasa midomo mitupu.
"Nimeichaji Jumapili."
Tetri ishirini zangu hakuna aliyezitaja.