Kichujio

Uani Tilbury, Novemba, manyunyu tangu asubuhi.
Clive kalala chali chini ya lori, msumeno unalia:
anakata kichujio cha moshi, kile chenye madini ya bei,
anakitupa ndooni. Cha kumi na nne wiki hii.
“Huko kwenu,” anasema, “nani atapima?”

Huko kwetu.
Mimi nimeshika ubao na fomu,
kazi yangu kuandika: namba ya chasi, tairi, betri, taa.
Hakuna kisanduku cha mapafu.

Lori hili London imelitema. Kamera zililipiga faini
kila lilipoingia mjini, hata mwenyewe akachoka,
akaliuza bei ya kutupa.
Sasa linakwenda Mombasa, kisha Mariakani kwenye mizani,
ambako foleni haina mwisho na injini hazizimwi,
na dada yangu Mwanasiti anauza chai papo hapo,
leso puani, birika mkononi.

Juzi nilimtumia pesa ya daktari.
Pesa ya uani hapa. Ya ndoo hii hii.

Meli inang’oa nanga Alhamisi.
Nageuza fomu. Nyuma, pasipo na mistari,
naandika kwa herufi kubwa:
KICHUJIO HAKIPO. KIMEKATWA HUKU, SI NJIANI.
Naweka sahihi, jina langu lote na la babu.

Clive anachungulia, anafuta grisi kwa suruali.
“Lugha gani hiyo? Nani ataisoma?”

“Mwenye kupima,” nasema,
nami sijui kama yupo.