Zamu ya Maji

Mashine inahema badala ya mama.
Kifua kinapanda, kinashuka, kwa kipimo,
kama mtoto anayesoma kwa sauti asichokielewa.
Siku ya kumi na tisa. Dirishani Moshi inaungua jua,
mlima umejifunika shuka gubigubi.

Daktari Mwasha alitukalisha kwenye viti vya plastiki.
Hakusema amekufa. Hakusema atapona.
Alisema, "Tunachorefusha sasa ni kufa kwake,"
kisha akavua miwani, akaifuta
muda mrefu kuliko vumbi lililokuwamo.

Ndewingia, kwa simu, kutoka Mwanza:
"Lazaro alilala siku nne!
Ninyi ni nani mumfungie Mungu mlango?"
Aikaeli akamnyang'anya maneno:
"Lazaro hakuwekewa mpira kooni.
Bwana akitaka kumwita mama, hahitaji umeme."

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu.
Ng'ombe ameshauzwa. Bili iko mfukoni,
nimeikunja mara nne, ndogo kama bahasha ya sadaka,
na sijui, Bwana, nasema kweli, sijui
kama hii ninayoiita imani
si uchovu uliovaa joho.

Jioni akaja mchungaji.
Nilitaka neno moja tu: ruksa, au dhambi.
Akauliza, "Mama yenu alikuwa mtu wa namna gani?"

Ndipo nikakumbuka mfereji.
Kule Kidia zamu yetu ilikuwa Alhamisi, jogoo wa kwanza.
Mama na jembe, mimi na taa ya chemli.
Aliziba kwa tope na mgomba uliooza
maji yakageuka, yakaingia kwetu yakinong'ona.
Aliyetukatia maji kabla ya wakati
mama alimfuata hadi mlangoni, hadharani, bila aibu.
Lakini zamu yetu ilipokwisha, alizibua mwenyewe.
"Mama, bado mstari mmoja wa kahawa!"
"Maji si yetu, Ndeshi. Tumepewa yapite.
Kuyakata mapema ni wizi.
Kuyashikilia nako ni wizi."

Sikumuuliza aliijuaje saa.
Hatukuwa na saa. Alitazama tu juu, upande wa Mawenzi,
akashusha jembe.

Kesho saa nne asubuhi watautoa mpira.
Muuguzi ameahidi dawa ya maumivu,
pamba ya kulowanisha midomo, na pazia.
Ndewingia yuko njiani. Anakuja kutuzuia, anasema,
halafu akauliza kama mama bado ana lile shuka la bluu.

Usiku huu nimemwosha miguu.
Kwenye ufa wa kisigino cha kushoto
kuna udongo mwekundu,
siku kumi na tisa za sabuni ya hospitali hazikuufikia.
Nilichukua kitambaa.
Nikakirudisha kwenye beseni.